Mtaro Huu ni wa Nani? Mwongozo wa Kuifuatilia Halmashauri Yako Mtwara na Lindi

Kalavati la njia ya mtaani kwetu, mjini Mtwara, lilibomoka kwa mvua za Februari. Bajaji zikagoma kuingia. Mama mjamzito akawa anashushwa barabara kubwa, amalizie kwa miguu na tumbo lake kwenye tope. Mimi wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, nikavaa shati langu la Ijumaa nikaenda ofisi za halmashauri uso umekunjamana. Kijana wa mapokezi aliniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema taratibu: "Mzee wangu, barabara hiyo haiko kwetu. Sisi hapa hata greda hatuna."

Wiki tatu nilikuwa nimezimaliza nikikusanya saini za kupeleka mlango usiohusika. Kosa lilikuwa langu, wala sikuwa wa kwanza. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya siku ile, kwa ajili ya mkazi yeyote wa halmashauri 9 za mkoa wa Mtwara na 6 za Lindi anayetaka barabara, kiwanja, zahanati au shule yake ishughulikiwe bila kuzungushwa.

Hatua ya kwanza: jua kitu ni cha nani

Usiandike barua kabla ya kumaliza hatua hii. Tunasema "halmashauri" kana kwamba ni jumba moja lenye kila kitu, kumbe huduma za mtaani zimegawanywa kwa taasisi nyingi, na nyingine haziwajibiki moja kwa moja kwa madiwani.

Tuanze na barabara, maana ndizo zinazotuumiza zaidi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ile ya kutoka Mtwara mpaka Mingoyo, ile ya Mingoyo kwenda Masasi, na ile ndefu ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, zote ziko huko. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, waliokesha na mitambo walikuwa TANROADS. Barabara za mitaa, za vijijini na zile zinazounganisha kata ni za TARURA, wakala aliyeanza kazi Julai 2017 na kuchukua kazi iliyokuwa ya wahandisi wa halmashauri. Ana meneja wake katika kila wilaya. Barua ya kalavati langu ilipaswa kwenda kwake, nakala kwa Mkurugenzi na kwa diwani.

Hapo wengi hukata tamaa: kama barabara ni ya TARURA, diwani ana kazi gani? Anayo, tena kubwa. Meneja wa TARURA huitwa kwenye Baraza la Madiwani kutoa taarifa, na vipaumbele vya barabara za wilaya hupita mikononi mwa madiwani kabla ya kupanda juu. Juu yake kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, mwenyekiti wake Mkuu wa Mkoa, na ndani yake wamo wabunge na viongozi wa halmashauri. Diwani hana greda, lakini ana kiti na kipaza sauti mahali greda linapogawiwa. Kuzibua mtaro uliojaa taka, kwa kawaida, ni shughuli ya watu wa usafi na mazingira wa halmashauri. Kuujenga upya ule wa barabarani ni TARURA. Mtaro mmoja, milango miwili.

Usafiri wenyewe ni jambo lingine tena. Nauli na leseni za mabasi na daladala ziko LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliyorithi kazi hiyo kutoka SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Kondakta akikutoza zaidi ya nauli iliyotangazwa, chukua tiketi na namba ya gari upeleke ofisi ya LATRA ya mkoa. Ukienda kwa Mkurugenzi atakusikitikia tu. Halmashauri inabaki na stendi: choo chake, taa zake, kivuli cha abiria na ushuru unaokusanywa getini. Hivyo vyote mdai diwani bila aibu. Vivuko vya Msangamkuu upande wa Mtwara na Kitunda upande wa Lindi viko chini ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme.

Maji: mjini Mtwara ni mamlaka ya maji ya MTUWASA, Lindi ni LUWASA, vijijini ni wakala wa RUWASA pamoja na vile vyombo vya watumia maji. Umeme kila mtu anajua.

Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ni mali ya halmashauri. Ligula, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya mkoa, haimo, wala ile ya kanda iliyoko Mitengo. Shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri. Masoko, machinjio, makaburi, dampo, upangaji wa mji na vibali vya ujenzi, hayo yote ni ya halmashauri.

Ukishamjua mwenye mali, liandike jina la ofisi yake juu ya karatasi.

Hatua ya pili: lifanye jambo lako liwe la mkutano

Mtu mmoja akilalamika, ofisini anaitwa mlalamikaji. Mkutano ukiazimia, linaitwa azimio, na azimio huandikwa kwenye muhtasari. Nimehudhuria vikao vingi kiasi cha kujua kwamba kinachosafiri kutoka mtaani hadi ukumbi wa Baraza ni muhtasari. Maneno yetu makali huishia pale pale chini ya mwembe.

Kijijini, mkutano mkuu unapaswa kuitishwa walau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia na kusema. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Mjini kuna mkutano wa wakazi wa mtaa chini ya mwenyekiti wake. Tofautisha watu wawili hapa. Mwenyekiti mmemchagua, hawa wa sasa tuliwapata Novemba 2024. Afisa mtendaji ni mwajiriwa, naye ndiye katibu anayeandika. Ukitaka jambo liingie kwenye ajenda, nenda kwa wote wawili siku kadhaa kabla. Msalimie mwenyekiti nyumbani kwake kama ilivyo ada, lakini karatasi ya ajenda mwachie mtendaji ofisini.

Siku ya mkutano usihutubie. Sema mambo manne tu: kitu gani kimeharibika, mahali gani hasa, tangu lini, na nani wanaumia. "Kalavati la njia ya kwenda zahanati, karibu na msikiti, limebomoka tangu Februari, kaya za upande wa bondeni hazifikiwi na bajaji." Kisha omba mkutano uazimie, na kabla watu hawajaanza kuondoka, mwombe katibu asome azimio alivyoliandika. Watu wataona unachelewesha, na wengine watakununia. Vumilia, kwa sababu nimewahi kuona azimio la "kalavati lijengwe kabla ya masika" likigeuka kwenye muhtasari kuwa "wananchi walizungumzia suala la miundombinu". Kwa sentensi hiyo hakuna mhandisi atakayewasha gari.

Omba nakala. Ukinyimwa, piga picha ya ukurasa kwa ruhusa ya mwenyekiti.

Hatua ya tatu: lipandishe kata, kisha kwenye kamati

Muhtasari wa mtaa au kijiji unatakiwa kufika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Usidhani unafika wenyewe. Ulizia siku ya kikao, na siku mbili kabla mkumbushe mtendaji wa kata. Mheshimiwa diwani naye apelekewe nakala yake mkononi. Simu haitoshi, kwani hupigiwa na watu wengi na husahau.

Baraza la Madiwani hukaa kikao cha kawaida kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Ila kazi yenyewe hufanyika kabla, kwenye kamati za kudumu. Katika halmashauri za wilaya kama Tandahimba au Ruangwa kuna kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kuna ya Elimu, Afya na Maji, na kuna ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Katika manispaa, mambo ya viwanja na vibali yako kwenye kamati ya Mipangomiji na Mazingira. Kamati ya fedha hukutana kila mwezi, nyingine kila robo. Kwa hiyo swali la kumuuliza diwani si kama atatusemea. Muulize: wewe uko kamati gani, na kama haumo kwenye kamati ya jambo letu, ni nani aliyemo? Kwetu jibu lilikuwa mama mmoja wa viti maalumu, mtu ambaye hata hatukumfikiria. Ndiye aliyetusaidia.

Ukienda kusikiliza Baraza, vaa vizuri, zima simu, kaa kimya. Utajifunza mengi kwa kuangalia nani anasoma makabrasha na nani anayafungulia pale pale ukumbini.

Hatua ya nne: fika wakati fedha inagawiwa

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Wengi tunaanza kupiga kelele mvua inaponyesha, Januari mpaka Aprili, wakati bajeti ya mwaka huo imekwisha kugawanywa na ya mwaka unaofuata inafungwa. Vipaumbele vya mitaa na vijiji hukusanywa kuanzia miezi ya Oktoba na Novemba. Baraza huijadili rasimu mwanzoni mwa mwaka, mkoa unaipitia, na kuanzia Aprili Bunge liko Dodoma linasoma bajeti za wizara. Ukija Machi na kalavati lako, utaambiwa "tumelipokea, litaingia mwaka ujao", na si uongo.

Kwetu kusini kalenda hii ina bahati yake. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na mnunuzi hulipa halmashauri ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Msimu ukiwa mzuri, Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi halmashauri za Newala, Tandahimba, Nanyamba, Masasi au Nachingwea zinapojaza mifuko, wakati uleule vipaumbele vinaandikwa. Kule kwenye gesi, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara kwa ajili ya Mnazi Bay na Kilwa kwa ajili ya Songo Songo, kuna pia ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni. Basi Baraza linalofuata robo hiyo, ambalo kwa kawaida hukaa Januari au Februari, ni la kuhudhuria hata kama utakosa mengine yote mwaka mzima. Sikiliza taarifa ya mapato. Linganisha na yaliyokisiwa. Kisha muulize diwani wako, nje ya ukumbi na kwa heshima, ni kiasi gani cha fedha hizo kimeshuka kwenye kata.

Humo humo kwenye mapato ya ndani imo ile asilimia 10 ya kutolea mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, ikasimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Omba orodha ya vikundi vya kata yako vilivyopata. Mara nyingi kikundi kisichojulikana na jirani hata mmoja kitajitokeza hapo.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Wanaoandika kurasa tano husomwa ukurasa wa kwanza tu, kwa hiyo jipunguzie kazi. Mfano:

*Meneja wa TARURA,
Wilaya ya ………*

*K.K. Afisa Mtendaji wa Kata ya ………*

*YAH: KUBOMOKA KWA KALAVATI, NJIA YA ZAHANATI, MTAA WA ………*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkutano wa wakazi wa mtaa uliofanyika tarehe …… uliazimia (muhtasari umeambatishwa) kuomba kalavati hili litengenezwe. Lilibomoka tarehe ……, na tangu hapo magari ya wagonjwa na bajaji hazipiti. Tunaomba: (1) mtaalamu afike kukagua kabla ya tarehe ……, (2) tupewe majibu kwa maandishi kama kazi imo kwenye mpango wa mwaka huu au hapana.*

*Nakala: Mkurugenzi wa Halmashauri, Mheshimiwa Diwani.*

Uzito uko kwenye ombi la pili. "Mje mtengeneze" ni ombi linaloweza kukaa mezani hata miaka. "Imo au haimo" inamlazimu mtu afungue mpango wake aangalie.

Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, na chini yake andika namba ya jalada utakayopewa. Bila namba hiyo, ukirudi baada ya mwezi utaanza upya na mtu mwingine. Weka na picha mbili za eneo, moja ya mbali ili paonekane ni wapi, moja ya karibu.

Viwanja na nyumba: hapa tembea polepole

Hili ndilo eneo ambalo watu hupoteza fedha za maisha yao, na ndilo lenye karatasi nyingi za uongo.

Mjini, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Kabla ya kununua kiwanja Naliendele, Mikindani au Lindi mjini, nenda ofisi ya ardhi uombe kuoneshwa mchoro wa mipangomiji wa eneo. Angalia mambo mawili: kiwanja kipo, na matumizi yake ni makazi. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa kwenye hati ya mauziano unaonesha kwamba alishuhudia mkiuziana. Hauthibitishi kwamba eneo halikutengwa kwa shule. Ukiona mtu anajenga kwenye eneo la wazi ambalo watoto walikuwa wakichezea mpira, usisubiri afike kwenye linta. Rudi kwenye mchoro, omba mkutano wa mtaa uazimie, na liende kamati ya Mipangomiji. Kubadili matumizi ya kiwanja kunatakiwa kutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, na tangazo huwa rahisi kupitwa nalo.

Jenga kwa kibali. Najua kinasumbua, najua jirani hakuchukua. Siku ya bomoabomoa kibali ndiyo karatasi ya kwanza kuulizwa. Na kama uko kando ya barabara kuu, pima mwenyewe: hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 22.5, na ndiyo maana nyumba hupakwa alama za X za rangi mbili. Nyekundu ni ya aliyeingia hifadhini, kwa kawaida hana fidia. Kijani ni ya aliyefuatwa na hifadhi ilipopanuliwa, huyo adai fidia yake na asikubali kuondolewa kwa mdomo.

Kijijini sheria ni nyingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Akija mgeni na gari zuri akisema "viongozi wenu tumemalizana", ulizeni muhtasari wa mkutano mkuu. Mikorosho mingi ya wazee imeondoka kwa kutouliza swali hilo.

Mgogoro ukiwaka, anzieni baraza la kata, lakini mjue tangu mwaka 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako hata kesi za mwenye nyumba na mpangaji husikilizwa.

Zahanati na shule: kaa ndani ya kamati

Hapa ushauri wangu ni mfupi. Gombea nafasi. Tangu mwaka 2017/18 fedha za uendeshaji wa vituo vya afya na zahanati huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na wanaoona taarifa ya benki ni kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana viti. Shule nazo hupata ruzuku kwenye akaunti zao. Yanapokuja madarasa ya fosi akaunti, yaani yanayojengwa bila kumpa mkandarasi kazi yote, huundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Ukipewa ya mapokezi usiidharau. Wewe ndiye unayesaini kwamba saruji imefika. Hesabu mifuko kabla ya kusaini, siku hiyohiyo, na usikubali kusaini leo mzigo wa kesho hata akikuomba mwalimu mkuu aliyemfundisha mwanao.

Ukikwama

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 kujibu. Itaje sheria kwa jina kwenye barua ya pili, siyo ya kwanza. Barua ya kwanza iwe ya kistaarabu.

Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa huwekwa wazi kila mwaka karibu na Aprili, na ipo kwenye tovuti ya ofisi yake. Tafuta jina la halmashauri yako ndani yake. Ukikuta mradi wa kata yako umetajwa, chapisha ukurasa huo, uambatishe. Hoja hizo pia huhojiwa na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, kwa hiyo ofisini huogopwa kuliko malalamiko ya kawaida. Kama unashuku fedha imeliwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana bure kwa simu 113. Wape tarehe, kiasi na majina ya nyaraka. Tetesi zibaki kijiweni.

Jambo moja la mwisho ambalo lilinigharimu: watendaji huhamishwa. Yule mhandisi kijana aliyekuja kupima kalavati letu na kuahidi alihamishwa kabla ya Julai, na ahadi ikaondoka naye. Basi kila anapobadilika mtu, nenda wiki ya kwanza, mkaribishe, mpe seti nzima ya nakala zako zenye mihuri, na umwandikie barua fupi yenye namba ileile ya jalada. Kalavati letu lilijengwa mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, na meneja wa tatu.